Kabla hujamlipa mtu aitangaze bangi ya duka lako

Simu iliingia jioni. "Shikamoo dada." Marahaba. Alikuwa kijana wa Kitanzania anayeishi Sacramento, anajulikana mtandaoni kwa video za mapishi, ana wafuasi zaidi ya elfu arobaini. Alikuwa amesikia kwamba duka la bangi ninalolifanyia kazi hapa Oakland, California, linatafuta watu wa kulitangaza. Nikamuuliza swali ambalo hakulitarajia: "Umeshapata uraia, au bado?" Akasema ana grin kadi, mwakani ndiyo anaomba uraia. Nikamwambia, mdogo wangu, basi kazi hii siwezi kukupa.

Naanzia hapo kwa makusudi. Mimi ni mtu wa Mombasa, nina miaka tisa Oakland, na kazi yangu ni kuwatafuta washawishi wa mitandaoni kwa ajili ya duka la bangi lenye leseni. Wanaotaka kujifunza kazi hii huniuliza kwanza bei, halafu idadi ya wafuasi. Mimi huanza na mtu mwenyewe. Sura ni yake, jina ni lake, na jambo likiharibika litamganda yeye, si duka.

Wapiga kura wa California waliihalalisha bangi kwa watu wazima Novemba 2016, na maduka yakaanza kuwauzia tarehe 1 Januari 2018. Lakini hiyo ni sheria ya jimbo. Kwa serikali kuu ya Marekani hesabu ni nyingine. Tarehe 19 Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi, hata katika jimbo linaloiruhusu, kunaweza kumkosesha mwombaji sifa ya tabia njema inayotakiwa ili apewe uraia. Mwaka huohuo, huko Denver, wahamiaji wawili, mmoja wa El Salvador na mwingine wa Lithuania, walijitokeza kueleza jinsi safari yao ya uraia ilivyokwama kwa sababu waliajiriwa katika biashara hii. Hao walikuwa waajiriwa tu. Sasa fikiria video yenye sura yako, umelipwa, na malipo yamepita benki. Kwa hiyo asiye raia mwambie akamwone kwanza wakili wa uhamiaji, na usimharakishe.

Ukishavuka hapo, omba picha ya skrini ya takwimu za akaunti yake. Usikubali kuambiwa kwa mdomo. Sheria ya California inataka tangazo la bangi liwekwe mahali ambapo angalau asilimia 71.6 ya watazamaji wanatarajiwa kuwa na miaka 21 au zaidi, na uwe na takwimu za kuaminika za kuthibitisha hilo. Shida iko kwenye skrini yenyewe. Instagram huwapanga watu kwa mafungu: 13 hadi 17, 18 hadi 24, 25 hadi 34, na kuendelea. Miaka 21 imekaa katikati ya fungu la pili, huwezi kuikata. Mimi nalihesabu fungu lote la 18 hadi 24 kuwa ni la wadogo. Waliobaki wakifika asilimia 71.6, tunaendelea. Wasipofika, namshukuru mtu na kumuaga. Picha hiyo naihifadhi pamoja na mkataba, ikiwa na tarehe.

Halafu tazama miji. Yule kijana alinitumia zake hata baada ya kumkatalia, akitaka ushauri tu. Mji wa kwanza Dar es Salaam, wa pili Nairobi, wa tatu Mwanza, Sacramento ya nne. Bangi yetu haiwezi kuvuka mpaka wa California hata kwenda jimbo la jirani, na Kenya na Tanzania kuwa nayo ni kosa la jinai. Elfu arobaini wale, kwa duka la Oakland, ni kama kutangaza samaki wa Mombasa sokoni Kigoma. Aliyetufaa zaidi mwaka huo alikuwa fundi baiskeli wa hapahapa, ana wafuasi elfu sita, wengi wao watu wazima wa ng'ambo hii na ile ya ghuba ya San Francisco.

Mkataba uandike kwa lugha ya kawaida, na umsomee kwa sauti. Namba ya leseni ya duka lazima ionekane na isomeke katika kila tangazo. Hili lilitugharimu: video nzuri kabisa, mwanga safi, na namba iliandikwa kwenye kopo tu, kidole gumba kimeifunika tangu mwanzo hadi mwisho. Tukaiondoa na kupiga upya. Tangu hapo namba naiweka juu ya video yenyewe, maandishi meupe kwenye ukanda mweusi.

Kulipwa kusemwe. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, inataka mtazamaji aambiwe wazi, na kwa lugha ileile ya tangazo. Anayeongea Kiswahili aseme kwa Kiswahili: "Hili ni tangazo, nimelipwa na duka." Kama ni video, liwe ndani ya video, lisizikwe chini ya maelezo ambako hakuna anayefika.

Madai ya tiba yakatae yote. Najua itakuwa vigumu, maana kila mtu ana shangazi aliyepona mgongo. Epidiolex, dawa inayotengenezwa kutokana na mmea huu, ilipitishwa na FDA, idara ya Marekani inayoidhinisha dawa, Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali, baada ya majaribio kwa wagonjwa. Peremende za bangi za dukani si Epidiolex, na mama anayemwacha daktari wa mwanawe kwa sababu ya video yako ni mtu wa kweli.

Usimpe bidhaa za bure, na asiahidi kuwagawia wafuasi: mwenye leseni haruhusiwi kugawa bangi kama njia ya kujitangaza. Mlipe fedha, anunue kaunta kama wengine. Watoto, vikaragosi na vitu vya kuchezea visionekane popote. Mfuasi akimtumia ujumbe wa faragha kuuliza bidhaa, asijibu kitu kabla ya kuthibitisha kwamba ana miaka 21.

Wanaoniandikia kutoka Toronto, samahani: njia hii kwenu imefungwa. Sheria ya Kanada iliyoanza kutumika 17 Oktoba 2018 inakataza kuitangaza bangi kwa ushuhuda wa mtu, hata kwa kuonyesha mtu au mnyama.

Jiandae pia kwa akaunti kufungwa. Instagram na Facebook hazitaki machapisho ya kuuza bangi, leseni yako ya jimbo haiwashughulishi. Bei isitajwe, namba ya simu isiwekwe, neno "nunua" liepukwe. Yetu ilifungwa usiku mmoja na miaka miwili ya picha ikaenda nayo. Kilichotuokoa ni orodha ya barua pepe za wateja waliojiandikisha wenyewe dukani, kitambulisho mkononi.

Kupima matokeo, kila mshawishi mpe neno lake la kutajwa kaunta ili mteja apunguziwe bei kidogo. Fundi baiskeli alichagua jina la baiskeli yake ya kwanza. Mhudumu analiandika kwenye risiti, Jumapili jioni nazihesabu kwa mkono. Wiki ya kwanza zilikuwa kumi na tisa, nikamwongezea mkataba.

Na yule kijana wa mapishi nilimuunganisha na mama mmoja anayeuza viungo vya pilau kule Hayward.