SOMO: Kusakinisha Lynis kwenye Debian na Ubuntu, na kuisoma ripoti bila kuua seva

Wakuu, swali la "naanzaje na Lynis" linarudi kila mara na majibu ni yale yale. Nayaweka yote hapa. Kabla ya kuuliza, soma mpaka chini.

Kwa asiyeijua: Lynis ni programu huria ya kukagua usalama wa Linux, macOS na jamii ya BSD. Aliianzisha Michael Boelen mwaka 2007. Yote ni skripti za sheli, hakuna cha kukompaili. Inakagua na kuripoti tu, haigusi mipangilio yako. Anayebadilisha ni wewe, na hapo ndipo seva zinapokufa.

Njia ya 1: hazina ya mfumo

`sudo apt update`
`sudo apt install lynis`
`sudo lynis audit system`

Basi. Kasoro yake ni kwamba toleo la hazina mara nyingi limepitwa na wakati.

Njia ya 2: toleo jipya kutoka GitHub

`cd /opt`
`sudo git clone --depth 1 https://github.com/CISOfy/lynis`
`cd lynis`
`sudo ./lynis audit system`

Chagua njia moja, usichanganye.

Hapa kwenye njia ya pili tulia. Wengi wanaivuta ndani ya `/home` kisha wanaiendesha kwa `sudo`. Lynis inasimama na kuonya: `Change ownership of ... include/functions`. Usibonyeze Enter ili yaishe. Faili hizo zinaendeshwa kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) huku mwenye nazo ni mtumiaji wa kawaida. Atakayeiteka akaunti hiyo anaongeza mstari mmoja ndani ya `include/functions`, anasubiri ukague, na seva inakuwa yake. Ukivuta kwa `sudo` ndani ya `/opt`, mwenye faili ni root tangu mwanzo. Kama ulishaivuta kwingine: `sudo chown -R 0:0 lynis`. Na lazima uwe ndani ya folda yake. Ukiiita ukiwa mahali pengine utapata `can't find include directory`.

Kusoma ripoti

Maelezo marefu yako `/var/log/lynis.log`, muhtasari uko `/var/log/lynis-report.dat`. Anza na maonyo, mapendekezo baadaye:

`sudo grep '^warning' /var/log/lynis-report.dat`

Kila jambo lina namba yake. Kujua undani: `sudo lynis show details SSH-7408` (kwa njia ya 2, `sudo ./lynis`).

Sasa KRNL-6000. Jaribio hili linalinganisha mipangilio ya kerneli (kiini cha mfumo) na thamani zinazopendekezwa, na watu wanakopi orodha nzima kwenda `/etc/sysctl.d/`, folda ya mipangilio hiyo inayosomwa mashine ikiwaka. Usifanye hivyo. Iko miwili ya kuogopwa. `kernel.modules_disabled=1` inazuia moduli yoyote mpya (kipande cha kerneli, mfano draiva) kupakiwa, na hairudi 0 mpaka uwashe mashine upya. Ukiiandika kwenye faili, inatekelezwa mapema wakati wa kuwaka, kabla moduli nyingine hazijaingia: kadi ya mtandao inaweza kukosa draiva, ngome ya moto (firewall) ikashindwa kupanda. Ukiwasha upya, faili bado ipo, yanajirudia. Kama seva iko mbali na huna konsoli, umeipoteza. Wa pili ni `net.ipv4.conf.all.forwarding=0`: huo unakata mtandao wa kontena za Docker, na mashine inayotumika kama lango la VPN nayo inaacha kupitisha data.

Badilisha mmoja mmoja kwa `sudo sysctl -w`, pima huduma zako, ndipo uandike kwenye faili. Isipokuwa huo wa moduli: usiuguse hata kwa majaribio.

---

Swali: Mkuu mbona kwangu haifanyi kazi? Nisaidie haraka.

Jibu: Mfumo gani, toleo gani, uliandika amri gani, ikajibu nini? Bila hayo hakuna wa kukusaidia.

Swali: Debian 12. Nimeandika `lynis`, inasema `command not found`. Na nimesakinisha!

Jibu: Iko `/usr/sbin`, na kwenye Debian folda hiyo haimo kwenye PATH (orodha ya folda ambamo sheli inatafuta amri) ya mtumiaji wa kawaida. Andika `sudo lynis`, kama ilivyo kwenye mifano hapo juu.

Swali: Lynis inatoa alama mwishoni mwa ukaguzi. Nikifikisha 100 seva yangu haidukuliki, sivyo?

Jibu: Hapana. Alama inapima majaribio ya Lynis tu. Haisomi kodi ya tovuti yako. Fomu yenye shimo la SQL (linalomruhusu mdukuzi kupenyeza amri kwenye hifadhidata) itabaki na shimo hata ukipata 95.

Swali: Samahani mkuu, naomba kuelewa: inajuaje kwamba SSH yangu (huduma ya kuingia seva kwa mbali) ni dhaifu? Inajaribu kuingia?

Jibu: Swali zuri sana. Haijaribu kuingia. Inaendesha `sshd -T`, amri inayotoa mipangilio yote inayotumika, hata ile ambayo hukuiandika, kisha inalinganisha. Jionee mwenyewe: kwa toleo la apt fungua `/usr/share/lynis/include/tests_ssh`, tafuta SSH-7408. Ni sheli ya kawaida, utaifuata. Na ukibadilisha SSH, pima kwa `sudo sshd -t` kabla ya kuianzisha upya, na usifunge dirisha ulilomo mpaka uingie kwa dirisha jingine.

Swali: Asante sana. Kuna pendekezo nimeamua kulikataa, nalinyamazishaje?

Jibu: Tengeneza `/etc/lynis/custom.prf`, andika `skip-test=FILE-6310`, mstari mmoja kwa kila jaribio. Unaweza kuruka kipengele tu: `skip-test=SSH-7408:loglevel`. Usiguse `default.prf`, ni ya programu yenyewe. Weka pia sababu kwa alama ya `#`, mwenzako atakayerithi seva atahitaji kujua.

Swali: Nimeiweka kwenye cron ya root (ratiba ya kuendesha amri zenyewe), haitoi kitu.

Jibu: PATH tena. Andika njia kamili: `/usr/sbin/lynis audit system --cronjob > /root/lynis.txt`. Ripoti ya zamani inafutwa kila ukikagua, kwa hiyo nakili `lynis-report.dat` yenye tarehe kwenye jina, kisha tumia `diff` kuona kilichobadilika.