Jinsi ya kupinga mtu kikaoni bila kusema "hawa ndo walivyo"

Juzi kwenye kikoba chetu hapa Pasua, Moshi, kijana wa bodaboda aliomba mkopo wa pili wakati ule wa kwanza marejesho mawili bado. Kaka mmoja akasimama kupinga, na hoja alikuwa nayo kabisa, ila akaanza hivi: "Jamani hawa bodaboda tunawajua, hela yao inaishia kwenye bia." Hapo hapo mama aliyekaa karibu na sanduku, zile funguo tatu moja anayo yeye, akaweka kalamu chini, mwanae anaendesha boda stendi, basi tukajadili bodaboda ni watu gani nusu saa nzima, marejesho hayakutajwa tena, mkopo ukapita.

Kwa hiyo kabla hujasimama fungua daftari. Sema "rejesho la mwezi wa sita na la saba hayajaingia", kaa. Ukishataja kabila au kazi ya mtu umehamisha mada, walioguswa wanaanza kujitetea na wasioguswa wanajiuliza siku nisipokuwepo huyu atanisemaje mimi.

Kibaya zaidi ni pale anayesemwa hana mtu wake ndani. Ukisema "Mpare huyo, atabana kila kitu" au "Mmasai ni wa getini, uhasibu ataweza wapi" watu watacheka, watakubali fasta, na mtu ameshanyimwa nafasi kwa kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Na usijipe moyo kwamba fulani ni mropokaji tu hakuna anayemsikiliza. Mwaka 1951 kule Marekani watafiti Carl Hovland na Walter Weiss waliwapa watu maandishi yaleyale, wengine wakaambiwa yametoka kwa mtu wa kuaminika, wengine kwa asiyeaminika, mwanzoni yule asiyeaminika hakuwabadilisha mawazo sana lakini baada ya wiki 4 tofauti kati ya makundi hayo mawili ilishayeyuka.

Akianza mtu mwingine, usimuite mbaguzi mbele ya watu, atakaza shingo na rafiki zake watakaza nae. Muulize taratibu, "kaka, huyu mwenyewe umemwona kafanya nini?" afu nyamaza kabisa mwache ajibu, kama ana jambo litasaidia kikao, kama hana wote watasikia hana. Akiwa mzee mfuate pembeni wakati wa chai.

Mimi siku ile sikuuliza, na yule kijana sasa anadaiwa mikopo miwili.