Mfarishi wa mtoto wa kitenge kwa cherehani ya kudarizi ya nyumbani

Mwongozo huu unamhusu mwenye cherehani ya kudarizi yenye fremu ya milimita 130 kwa 180 ambaye anataka kushona mfarishi wa mtoto wa sentimita 77 kwa 99, unaounganishwa kwa miraba 63, saba kwa upana na tisa kwa urefu, kila mmoja ukiwa na sentimita 11 baada ya kuunganishwa. Kazi hii hufaulu au huharibika kwenye vipimo. Mraba mmoja ukizidi kwa milimita mbili, safu nzima huanza kwenda upande, na hakuna pasi itakayoinyoosha.

Hatua ya kwanza: kitambaa

Tafuta vitenge vitatu vya pamba halisi, nusu mita kila kimoja. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 hutoa miraba minane ya sentimita 13 kwa safu, na nusu mita hutoa safu tatu. Hivyo utapata miraba 72, na tisa itabaki kama akiba. Kabla ya kukata, loweka kila kitenge peke yake, kifue mpaka wanga na rangi ya ziada vitoke, kisha kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo. Usiiruke kazi hii, kwa sababu kitambaa kisichofuliwa husinyaa baadaye na kuikunja darizi yote. Kanga pia inafaa, lakini ni nyepesi zaidi. Ibandike gamu stifu nyembamba, kitambaa cha kukazia chenye gundi, kwa nyuma kabla ya kukata.

Hatua ya pili: mchoro

Mchoro wa kila mraba uwe na sehemu nne kwa mpangilio huu: mstari wa mraba wa sentimita 11 wa kushikiza pamba (tabaka laini la kujazia linalokaa chini ya kitenge), mstari kama huo wa kushikiza kitambaa, ua au mapambo yenyewe, na mstari wa mwisho wa sentimita 11 utakaokuongoza wakati wa kuunganisha. Unaweza kuuchora kwa Ink/Stitch, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya programu ya kuchora ya Inkscape, kisha ukauhifadhi kwa muundo unaosomwa na cherehani yako, kama vile PES au JEF. Kwa maoni yangu, mapambo ya mshono mmoja unaokimbia, wenye urefu wa milimita 2.5 hadi 3, ndiyo yanayoufaa mfarishi. Darizi iliyojazwa nyuzi huufanya mraba kuwa mgumu, na mtoto hataki kulalia kitu kigumu.

Hatua ya tatu: kudarizi

Kwenye fremu funga karatasi ya kudarizia peke yake, ile nyepesi inayokatwa kwa mkasi na kubaki ndani ya kazi, na uikaze mpaka ukiigonga kwa kidole itoe mlio kama wa ngoma. Pamba na kitenge havifungwi kwenye fremu, kwani vikivutwa humo hurudi nyuma baada ya kutolewa, na mraba hupoteza pembe zake.

Tumia sindano ya 90/14, uzi wa poliesta namba 40 juu na uzi mwembamba wa bobini chini, kisha punguza kasi hadi mishono 600 kwa dakika au chini yake. Weka pamba katikati ya fremu, shona mstari wa kwanza, kisha ukate pamba iliyozidi karibu kabisa na mshono ili maungio yasiwe manene. Laza kitenge juu yake, nyuzi za urefu zikielekea upande uleule katika miraba yote, na ushone sehemu tatu zilizobaki. Uzi wa bobini ukichomoza juu, legeza kidogo mkazo wa uzi wa juu. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, andika namba ya mshono inayoonekana kwenye kioo kila unapobadilisha uzi, maana si kila cherehani hukumbuka ilipoishia.

Ukiutoa mraba, pima kwa rula milimita 6 nje ya mstari wa mwisho pande zote nne, kisha ukate kitambaa na karatasi kwa pamoja. Kila mraba lazima uwe na sentimita 12.2.

Hatua ya nne: kuunganisha

Kazi inayofuata ni ya mshono wa kawaida. Kama mashine yako hudarizi tu, tumia cherehani nyingine. Weka miraba miwili uso kwa uso, choma pini kwenye pembe za mstari wa mwisho mpaka itokeze kwenye pembe ya mraba wa pili, na ushone upana wa uzi mmoja ndani ya mstari huo ili usionekane kwa mbele. Fungua maungio kwa pasi upande wa nyuma. Maliza safu zote tisa kwanza, ndipo uziunganishe.

Hatua ya tano: nyuma na pindo

Tandaza kitambaa cha pamba cha sentimita 90 kwa 112, uso wake chini, laza kazi juu yake na uishikize kwa pini za nepi. Shona juu ya maungio, ukianzia katikati kwenda nje, ili mikunjo isikusanyike ndani. Punguza kingo, kisha andaa pindo la upana wa sentimita 6 na urefu wa mita 3.8 hivi kwa kuunganisha mabaki ya vitenge vyako. Likunje mara mbili kwa urefu, lishone kwa mashine upande wa mbele, ligeuze nyuma, na umalizie kwa mkono kwa mishono midogo isiyopenya mbele.