Kitanda kitoeni dirishani

Nyie mnaokaa chumba kimoja Ng'ambo au kwenye flati za Michenzani, hapa mjini Unguja, hebu kitanda kitoeni dirishani. Najua mtasema upepo, na joto la kaskazi tunalijua sote, ila kitanda kikikaa penye mwanga basi mchana kutwa umejilaza tu na simu mkononi. Pale weka mkeka na mito miwili mitatu iwe baraza yako ya ndani, chai unywe hapo, mgeni akija akae hapo, kitanda kiende kona ya giza, feni ielekee huko, kazi yake iwe usingizi basi. Usiku taa nyeupe kali zima, washa ndogo ya njano. Na hilo kabati kubwa, sijui la nini, uza.