Gitaa liko sawa huku chini ila ukipanda freti ya 12 linapotoka? Shida ni sedo za briji

Wadau wa magitaa ya umeme, hasa nyie wa kwaya hapa Dodoma, hii inawahusu. Unatyuni vizuri kabisa, C na G za huku chini zinakubali, ukipanda juu kupiga solo gitaa linaanza kugombana na kinanda. Watu wakifika hapo wanatyuni upya kila wimbo ukiisha na haisaidii, mana tatizo halipo kule kichwani unakokazia nyuzi, lipo kwenye briji, pale kwenye bodi nyuzi zinapoishia, kwenye vile vyuma vidogo sita ambavyo kila uzi umelalia cha kwake. Ndo sedo zenyewe hizo.

Iko hivi. Freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo, na ya 12 inakaa nusu ya njia kutoka kile kimfupa cha mwanzo wa shingo mpaka kwenye sedo, yani kwa gitaa aina ya Stratocaster lenye urefu wa uzi wa milimita 648 freti hiyo ipo kwenye 324. Sasa ukibonyeza uzi unauvuta kidogo na sauti inapanda, kwa hiyo lazima uzi uongezwe urefu kidogo kufidia, na nyuzi nene zinataka zaidi kuliko nyembamba. Ndo mana gitaa lililosetiwa sedo zake hazikai kwenye mstari mmoja, zinapanda kama ngazi. Ukikuta zako zimenyooka zote sita jua huenda hakuna mtu aliyewahi kuzigusa.

Kabla hujashika bisibisi funga nyuzi mpya. Magitaa mengi ya kanisani nyuzi zimeota kutu na hakuna anayekumbuka zilifungwa lini, uzi uliochoka hauna sauti moja ya kueleweka, utahangaika na sedo bure. Afu funga namba (unene wa nyuzi) ile ile utakayoendelea kutumia, ukiseti kwa namba 9 kesho ukafunga 10 unaanza upya.

Baada ya hapo angalia shingo. Bonyeza uzi mnene freti ya 1 na freti ile shingo inapoungana na bodi, halafu chungulia freti ya 7 au ya 8, kuwe na upenyo mdogo tu, karibu unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, wa seti ya namba 10, kama robo milimita. Kwetu hili sio la kupuuza, kiangazi chetu kirefu, kuanzia Mei mpaka Novemba hivi hewa ni kavu na upepo haupoi, mti unatoa unyevu na shingo inaweza kubadilika, mvua za Desemba zikianza inabadilika tena. Kwa hiyo gitaa lililosetiwa Agosti likague tena Januari. Ukimaliza shingo weka kimo cha nyuzi unachokipenda, mimi napenda kama milimita 2 kwenye E nene na 1.6 kwenye E nyembamba, nikipima freti ya 12. Kusogeza sedo nyuma na mbele ni kazi ya mwisho kabisa, ukianza nazo ukaja kugusa kimo baadae, kazi yote imeharibika.

Haya, chomeka gitaa kwenye tyuna. Ya kwenye simu inafaa kama nyumba imetulia, ila yenye waya ni bora. Hakikisha imesetiwa A ya 440 Hz, na kinanda chenu nacho kiwe hapo hapo. Shika gitaa kama unavyolipiga, usililaze mezani. Gusa uzi juu ya chuma cha freti ya 12 bila kukandamiza, piga, utasikia hamoniki, sauti nyembamba kama kengele, utyuni mpaka sindano ikae katikati. Sasa bonyeza freti hiyo hiyo kawaida, piga, angalia sindano. Imepanda, rudisha sedo nyuma, mbali na shingo. Imeshuka, isogeze mbele. Basi, sheria ni hiyo tu.

Kwenye Stratocaster skrubu ipo nyuma ya briji, bisibisi ya nyota, ukikaza sedo inarudi nyuma. Kwa briji za mtindo wa Les Paul usikariri, angalia kwa macho inaenda wapi. Legeza uzi kidogo kabla ya kuzungusha, zungusha nusu raundi, tyuni tena, linganisha tena, na kama briji yako ni ile ya mkono inayoelea tyuni nyuzi zote kila mara kwa sababu ukigusa moja zingine zinahama. Sedo ya E nene ikigoma kurudi nyuma angalia springi yake, ikiwa imebanwa mpaka mwisho ikate kipande.

Usitafute sifuri. Kati ya freti moja na inayofuata sauti inapanda senti 100, ukibaki na tofauti ya senti 2 au 3 acha, hakuna gitaa la kawaida lililo sawa freti zote. Mpiga solo anayeishi huku juu ajaribu na freti ya 15 na ya 17 agawanye tofauti, wa rizimu hana haja.

Ikigoma kabisa kwenye nyuzi nene, teremsha pikapu, kile kifaa chenye sumaku chini ya nyuzi kinachonasa sauti, sumaku ikiwa karibu sana inavuta uzi na sindano inayumba tu. Na kama freti ya 12 iko sawa ila ya 1 mpaka ya 3 ndo zinapanda, ondoa mkono kwenye sedo, mifereji ya kile kimfupa iko juu mno, au unabonyeza kwa nguvu kama unakamua zabibu. Mifereji mpelekee fundi mwenye vitupa vyembamba vya kazi hiyo, msumeno wa chuma usithubutu.