Jinsi ya Kuanza Kazi ya Usanifu wa Violesura Ukiwa Kisumu

Anayetaka kuishi kwa kazi ya kusanifu violesura, yaani skrini ambazo mtumiaji huziona na kuzigusa katika tovuti na programu za simu, hahitaji kwanza kompyuta ya bei ghali wala kuhamia Nairobi. Achague tatizo moja la watu anaoweza kuwafikia kwa matatu, kisha alisanifie skrini chache kwa ukamilifu.

Chukulia programu ya kuagizia samaki kutoka ufuo wa Dunga. Kabla ya kufungua Figma, programu ya kusanifia skrini ambayo hutumika ndani ya kivinjari na ina kiwango kisicholipiwa, keti na muuzaji uone oda zinavyoingia, bei inavyokubaliwa, na ni wakati gani malipo ya M-Pesa yanathibitishwa. Michoro ya awali ifanye kwa penseli. Ya karatasi huitupa bila uchungu.

Rangi na vipimo si suala la ladha tu. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuwezesha watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, kutumia tovuti, unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na Google inapendekeza kila kinachoguswa kwenye Android kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha skrini kisichotegemea wingi wa pikseli za simu) kwa upana na urefu. Kijivu hafifu kinachopendeza ofisini hakisomeki kwenye jua la ufuoni, katika simu yenye kioo kilichopasuka.

Maneno yasanifu pia, hasa penye pesa. “Hitilafu imetokea” humwacha mnunuzi akijiuliza kama amekatwa fedha, naye hulipa mara ya pili. Ikiwa mfumo bado haujapata jibu, andika: “Tunasubiri uthibitisho wa M-Pesa. Tafadhali usilipe tena.”

Kisha jaribu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti na programu, alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua kasoro nyingi. Mwambie kila mmoja aagize kilo mbili za mbuta, nawe unyamaze hata anapokwama, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika.

Katika jalada la kazi zako, yaani mkusanyo unaowaonyesha wateja, kazi mbili zinazoeleza tatizo, majaribio na kilichobadilishwa zina uzito kuliko skrini ishirini za kupendeza. Jifunze HTML na CSS, lugha za kuundia kurasa za tovuti, kiasi cha kuelewana na waandishi wa programu.

Ukipata mteja, iwe hoteli ya Milimani au duka la vifaa vya ujenzi Kondele, andikianeni mkataba unaotaja idadi ya skrini, malipo ya awali, marekebisho yaliyomo katika bei, na kwamba faili asilia hukabidhiwa baada ya malipo ya mwisho.