Waridi la jangwa: usiliue kwa maji

Watu wengi wa Voi, Kajiado na hata Dodoma wananunua waridi la jangwa likiwa limejaa maua ya pinki, wanaliweka barazani, wanalimwagilia kila jioni kama sukumawiki, halafu baada ya muda shina limelainika na linanuka, na lawama zote zinaenda kwa jua. Jua halina kosa hapo. Huu mmea ni wa hukuhuku kwetu, unaota wenyewe kwenye mawe kuanzia Sahel (ukanda mkavu kusini mwa Sahara), Kenya na Tanzania hadi Dhofar kule Oman, na lile shina lililovimba ndio tangi lake la maji.

Kwa hiyo kwanza udongo. Changanya mchanga wa mtoni ule wenye chembe kubwa mafungu mawili na mboji fungu moja, ukipata vikokoto vidogo ongeza. Mfinyanzi mweusi sahau kabisa. Chungu cha udongo ni bora kuliko ndoo ya plastiki na lazima kiwe na tundu chini, kisha kiweke penye jua kutwa nzima, ndani ya sebule utapata majani tu.

Maji sasa: zamisha kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu acha. Ukiwa umekauka kabisa, mwagilia mpaka yatoke chini, halafu subiri tena ukauke. Mwezi wa sita na wa saba kwenye baridi, au likipukutisha majani, punguza sana, na usishtuke kwa sababu kupukutisha ni kawaida yake, mara nyingi maua yanatoka likiwa halina jani hata moja. Bonyeza shina: likiwa limenywea lakini halinuki, ni kiu tu. Likiwa teketeke linatoa maji, limeoza, kata kwa kisu safi mpaka ufike kwenye nyama nyeupe, paka unga wa mkaa, liache kivulini kama wiki ndio ulipande upya.

Mbolea kidogo tu, ukizidisha yurea unafuga majani.

Utomvu wake ni sumu jamani, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaupaka kwenye mishale ya kuwindia, kwa hiyo vaa glavu ukikata na liweke mbali na watoto na mbuzi.

Na tafadhali usiende kung'oa porini, mengi yanakatika mizizi na kufa, na sehemu nyingine porini yanapungua. Panda mbegu. Mbegu iliyokomaa na kuvunwa karibuni inachipua ndani ya wiki hivi kukiwa na joto, na inakupa lile shina nene, tofauti na kipandikizi cha tawi ambacho mara nyingi kinabaki chembamba. Maganda ya mbegu yanakuja mawilimawili kama pembe, yakianza kukomaa yafunge na uzi mapema maana yakipasuka mbegu zina manyoya, zinapeperuka zote kwa jirani.